Mezani pa Bwana

Somo: 1 Wakorintho 11:17–34



Neno la Mtume Paulo katika somo hili ni neno la karipio. Wakristo wa Korintho walikuwa na desturi ya kukusanyika, nao walidhani kwamba wakusanyikapo wala Chakula cha Bwana. Mtume awaambia sivyo. Kila mtu alitangulia kula chakula chake mwenyewe. Huyu akashiba na kulewa, na yule maskini akakaa na njaa, akiona haya. Basi katikati ya aibu hiyo Paulo awakumbusha jambo alilolitenda Bwana usiku wa kusalitiwa kwake, alipowapa wanafunzi mkate na kikombe, akawaambia kwamba humo anawapa mwili wake na damu yake. Hakuwakumbusha ili wakimbie meza, bali ili wajifunze kuijia.

Mwezi huu twataka kulitafakari neno hili kwa kutazama kwanza nyumba ya jirani. Sharika zetu nyingi zakaa karibu na parokia za Kanisa Katoliki. Kengele zao twazisikia, misiba yao twaihudhuria, na watoto wetu huoana na watoto wao. Kule Kilimanjaro ndivyo ilivyokuwa tangu mwanzo, maana Mapadre wa Roho Mtakatifu walikuwa wamekwisha kufika Kilema wakati wamisionari wa Leipzig walipofika Machame mwaka 1893. Watu waliokaa jirani muda mrefu namna hiyo yawapasa wajue jirani yao aishi kwa chakula gani.

Kwanza, tutazame Meza iwakusanyavyo watu.

Ukimwuliza Mkatoliki parokia yake ni nini, aweza kukuonyesha kanisa, shule na zahanati. Lakini ukikaa naye utaona kwamba kiini chake ni altare. Watoto hufundishwa muda mrefu na katekista kabla ya kupokea Komunyo ya kwanza, na siku ile ni sikukuu kwa nyumba nzima. Mkate uliobarikiwa huwekwa katika tabernakulo, na taa huwaka karibu nayo, ili mgonjwa akizidiwa apelekewe. Afaye hupewa Komunyo kuwa masurufu ya njiani. Katika vigango vya mbali, ambako padre hafiki kila Jumapili, katekista huongoza ibada ya Neno. Na siku padre ajapo, watu hutoka vilimani na mabondeni tangu alfajiri. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mwaka 1964, ulifundisha kwamba maisha yote ya Kikristo hububujika kutoka katika Ekaristi kama maji kutoka chemchemini, tena huielekea Ekaristi kama njia ielekeavyo kilele cha mlima.

Hatufichi kwamba baba zetu walitengana nao katika mambo mazito. Walikataa kuihesabu Misa kuwa sadaka ambayo mwanadamu amtolea Mungu apate kustahili kwayo. Hatuuchukui mkate katika maandamano, kama wafanyavyo wao katika sikukuu ya Mwili wa Bwana, iliyoamriwa na Papa Urban IV mwaka 1264. Tena baba zetu walidai kikombe kwa Wakristo wote, kwa sababu Mtaguso wa Konstanz, katika mwaka ule ule wa 1415 ambao Jan Hus alichomwa moto huko, uliwakataza walei kukinywea. Hata hapo mwaka 1963 Mtaguso wa Vatikano ulifungua mlango ili walei nao wapewe kikombe kwa nyakati maalum.

Lakini tusidhani kwamba tofauti hizo zilitufanya sisi kuwa watu wa mimbara tu, wasio na meza. Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, katika kifungu cha 10, lakiri kwamba mwili na damu ya Kristo vipo kweli katika Chakula hiki, navyo hugawiwa walao. Katika kifungu cha 24 baba zetu walikana kwamba wameiondoa Misa. Philipp Melanchthon, alipolitetea Ungamo hilo mwaka 1531, alieleza kwamba katika makanisa yetu Misa huadhimishwa kila Jumapili na kila sikukuu, na Sakramenti hupewa waitakao. Basi mtu akisema kwamba kuijia Meza mara kwa mara ni desturi ya Kikatoliki, na ajue ya kuwa ni desturi ya baba zake mwenyewe.

Tena ni desturi ya Afrika. Mwaka 304, Kaisari Diokletiano alipowakataza Wakristo kukusanyika, watu 49 wa Abitina, mji wa nchi iitwayo leo Tunisia, walikamatwa, wakapelekwa Karthago wahukumiwe. Mmoja wao, Emeritus, ambaye walikusanyika nyumbani mwake, aliulizwa kwa nini aliwapokea. Alijibu kwamba ni ndugu zake, wala hawawezi kuishi pasipo karamu ya Bwana. Hawa hawakuihesabu Meza kuwa pambo la ibada. Waliihesabu kama mtu ahesabuvyo maji wakati wa kiangazi.

Pili, tuitazame hofu iwazuiayo watu.

Wako miongoni mwetu, na miongoni mwa majirani zetu pia, ambao huja ibadani miaka mingi, na wakati wa Sakramenti hubaki wamekaa. Mmoja amegombana na nduguye juu ya mpaka wa shamba. Mwingine ndoa yake haijabarikiwa kanisani. Mwingine alitengwa zamani, akaona haya kumwendea mchungaji, hata haya ikawa mazoea. Mwingine hana sadaka, naye adhani kwamba asiye na kitu mkononi hana nafasi mezani. Na mwingine asema kwa moyo mnyofu kabisa: Mimi si mtu wa kustahili, nitakuja nitakapokuwa safi.

Hofu hii ni ya kale. Mtaguso wa Laterano wa mwaka 1215 ulilazimika kuamuru kila Mkristo aliyefikia umri wa akili apokee walau mara moja kwa mwaka, wakati wa Pasaka; na sheria ya namna hiyo hutungwa pale ambapo watu hawaji wenyewe. Katika Ufaransa, mwaka 1643, Antoine Arnauld alitoa kitabu juu ya kukomunika mara kwa mara, akataka watu wajizuie na kufanya toba ndefu kwanza. Na roho ya mafundisho ya namna hiyo iliwatia watu wengi hofu kwa vizazi vingi. Hata mwaka 1905 Papa Pius X alitangaza kwamba Mkristo asiye na dhambi ya mauti, mwenye nia njema, asizuiwe kupokea mara kwa mara, hata kila siku. Alieleza kwamba Komunyo haikuwekwa iwe ujira wa watakatifu, bali iwasaidie watu kuishinda dhambi.

Martin Luther naye aliliona jambo hili. Katika utangulizi wa Katekisimo Ndogo, mwaka 1529, aliandika kwamba mtu asiyeitamani Sakramenti walau mara nne kwa mwaka, yahofiwa kwamba aidharau. Lakini hakuwapa wachungaji fimbo. Aliwakataza wasimshurutishe mtu kwa sheria. Wahubiri hivi kwamba watu wenyewe, wakiisha kuijua njaa yao, waje kuwahimiza wachungaji wawape. Na juu ya kustahili alifundisha kwamba kufunga na kujiweka tayari kwa mwili ni adabu njema, lakini astahiliye kweli ni yule aaminiye kwamba mwili huu umetolewa, na damu hii imemwagwa, kwa ajili yake yeye.

Tuyaweke maneno haya moyoni. Mgonjwa hangoji apone ndipo aende hospitali. Msafiri aliyeishiwa nguvu hangoji nguvu zirudi ndipo ale. Nabii Eliya alipolala chini ya mti jangwani, akiomba afe, malaika hakumwuliza kwanza amestahili nini. Alimwamsha ale, kwa sababu safari ilikuwa kubwa mno kwake. Onyo la Paulo juu ya kula isivyostahili ni onyo la kweli, wala hatulipunguzi. Lakini tazameni aliwapa nani onyo hilo: si maskini aliyeketi na njaa, bali wale walioshiba wasiomjali. Basi mtu ashikaye dhambi yake na kuipenda, na atetemeke. Bali mtu aliaye kwa ajili ya dhambi yake, huyo ndiye mgeni aliyeandaliwa kiti.

Kwa hiyo ninyi mliokaa mbali, msikae na haya yenu gizani. Mwendeeni mchungaji, au mzee wa kanisa, mfungue neno lililofungwa. Mwenye ugomvi na ampelekee nduguye salamu kabla ya Jumapili. Mwenye ndoa isiyobarikiwa na aulize njia. Aliyetengwa na ajue kwamba shabaha ya kutenga ni kurudisha. Na ninyi wachungaji na wazee, mlango huu msiuweke mzito kuliko Bwana mwenyewe alivyouweka, wala pasiwe na mtu wa kubaki nje kwa sababu ya umaskini wake. Mitaa ya mbali, ambako mwinjilisti huongoza ibada na mchungaji hufika kwa nadra, isisahauliwe. Ikiwa miezi yapita pasipo Meza, wazee na waseme, maana kudai chakula hiki si utovu wa adabu.

Tatu, tuitazame njia itokayo mezani.

Yapata mwaka 155, Justino, ambaye baadaye alikufa shahidi huko Roma, alimweleza Kaisari jinsi Wakristo wanavyokusanyika siku ya Jumapili. Husoma, huhubiri, huomba. Kisha hula mkate na kunywa divai vilivyoshukuriwa. Nao mashemasi huwapelekea wasiokuwapo. Hapo hapo aeleza pia kwamba wenye mali hutoa kwa hiari, na vitu hivyo huwekwa kwa msimamizi, naye huwasaidia yatima na wajane, wagonjwa, wafungwa na wageni. Justino hakuyatenga mambo haya mawili. Mkate utokao mezani na msaada uendao kwa mjane vilitoka katika kusanyiko moja.

Luther naye alifundisha hivyo mwaka 1519, alipohubiri juu ya Sakramenti ya Mwili wa Kristo. Alionyesha jinsi punje nyingi zisagwavyo, kila moja ikapoteza umbo lake, hata ziwe mkate mmoja. Na jinsi mtu apokeaye Sakramenti apokeavyo pia mizigo ya ndugu zake wote, nao waupokea wake. Kisha akavikaripia vyama vya undugu vya siku zile, vilivyokusanya fedha kwa kula na kunywa, akasema ni afadhali waandae meza kwa maskini.

Basi tunapoondoka altareni, na tujiulize: Yule aliyepiga magoti kando yangu alikula nini jana? Ada ya shule ya mtoto wake imelipwa? Ikiwa sijui, wala sitaki kujua, Paulo ataniambia kwamba sijaupambanua mwili wa Bwana. Na tusimsahau mgonjwa alalaye nyumbani. Majirani zetu huwapelekea wagonjwa wao Komunyo; wagonjwa wetu nao wasikae mwaka mzima kana kwamba wamekwisha kuzikwa. Mzee wa mtaa na ampe mchungaji majina yao, na mchungaji na aende.

Limebaki neno moja, nalo ni la uchungu. Wako katika sharika zetu mume na mke, mmoja Mlutheri na mmoja Mkatoliki, walao katika chungu kimoja siku sita, na siku ya saba hawali mkate mmoja. Makanisa yetu yametia sahihi Tamko la Pamoja juu ya kuhesabiwa haki, kule Augsburg, tarehe 31 Oktoba 1999. Lakini Meza bado ni mbili. Papa Francis na Askofu Munib Younan, aliyekuwa Rais wa Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani, walipokutana Lund tarehe 31 Oktoba 2016, walikiri wazi uchungu wa watu washirikianao maisha yote wasioweza kushiriki Meza moja. Jeraha hilo haliponi kwa kulifumbia macho, wala kwa kubeza imani ya mwenzi. Na waombe pamoja kabla ya kulala. Kila mmoja na amhimize mwenzake aende mezani pake kwa uaminifu, maana Mkristo mwenye njaa ya Kristo hatamzuia mwingine asile. Na njaa yao wawili na iwe ombi mbele za Mungu, mpaka siku atakapotuketisha sote.

Ndugu, Jumapili ijayo mkate utakapomegwa, msikae mkijipima mmefaa kiasi gani. Inukeni, mje na mikono mitupu. Bwana aliyewalisha wanafunzi wake usiku ule alijua kwamba mmoja atamsaliti, mmoja atamkana, na wengine wote watakimbia. Hata hivyo aliwapa.

Ee Bwana Yesu, utupe njaa ya kweli, utulishe, utufanye kuwa mwili mmoja. Amina.