TAFAKURI YA RAMADHANI, SIKU YA 5: Nyota 27 za Samarkand



Ndugu zangu, jana baada ya Tarawehe umeme ulikatika mtaa mzima, na nyota zikaonekana kweli kweli. Kijana mmoja wa madrasa akaniuliza, "Ustadhi, nani alizipima hizi?" Nikamwambia atapata jibu leo.

Katika Surat Al-Waqi'a, aya ya 75, Mola anaapa kwa mahali pa nyota, na aya inayofuata inatuambia kiapo hicho ni kikubwa, lau tungejua. Wako Waislamu waliotaka kujua. Mwaka 964, Abdul-Rahman As-Sufi wa Uajemi aliandika kitabu cha nyota. Mng'ao wake aliupima kwa macho yake mwenyewe. Lakini mahali pa nyota alipachukua kwa Ptolemy, aliyeishi zaidi ya miaka 800 kabla yake, akaongeza digrii 12 na dakika 42 kwa kila nyota (dakika hapa ni sehemu ya digrii, si ya saa). Kwa nini aongeze? Kwa sababu nyota zote huonekana kusogea pamoja, polepole mno. Yeye alihesabu digrii moja kwa miaka 66. Leo inajulikana ni kama miaka 72. Basi pale Ptolemy alipokosea, kosa likasafiri naye.

Miaka mia nne na zaidi ikapita. Ulugh Beg, mtawala wa Samarkand, mjukuu wa Timur, akaona nyota haziko pale kitabu kinaposema. Hakumtukana As-Sufi. Alijenga jengo la kupimia, akakusanya wanazuoni, wakapima upya bila darubini, maana ilikuwa haijabuniwa. Orodha yao ya nyota 1,018 ni ya mwaka 1437.

Sasa hapa ndipo ninapopapenda. Nyota 27 za kusini hazionekani kutoka Samarkand. Hizo walizichukua kwa As-Sufi, na wakaandika wazi kwamba hizi hatukuzipima sisi. Jamani, huyu ni mfalme! Nani angemhoji?

Nimesoma habari hiyo nikaona haya. Siku mbili kabla ya mwezi kuandama nilipokea ujumbe wa sauti kwamba tende za mama mmoja pale sokoni zina wadudu. Nikautuma humu humu, na juu yake nikaongeza neno langu: "Jihadharini." Sikwenda kuangalia. Na aya ya 6 ya Surat Al-Hujurat, inayotutaka tuhakikishe habari, nimeisomesha miaka mingi.

Jana Alasiri nikaenda. Nimefungua katoni tatu kwa mkono wangu, tende safi kabisa. Mama akaniambia kwa upole, "Ustadhi, wateja wanasema imamu kasema." Sikuwa na jibu.

Nimemwomba radhi, naye kanisamehe, lakini msamaha haurudishi mauzo ya siku saba. Ujumbe ule nimeufuta. Wewe uliyeusambaza kwa kuniamini mimi, tafadhali mtumie huu kila uliyemtumia ule. Leo baada ya Tarawehe nitayasema haya msikitini mbele ya jamaa wote, kina mama pia wasikie. Anauza upande wa wauza nazi, meza ya mwisho. Katoni bado anazo nyingi.

Allah atutakabalie funga zetu. Amin.