Kadari na Kujaribu Tena

Mwanamke ambaye mimba yake, iliyotungwa nje ya mwili kwa maarifa ya matabibu na kupandikizwa kwa matumaini makubwa, imeharibika kabla ya kutimiza miezi mitatu, huulizwa na jamaa, pengine kwa huruma, kama kurejea hospitali kwa kiinitete kingine si kushindana na kadari. Swali hilo, naona, linamdhulumu. Al-Azhar ilitoa fatuwa mwaka 1980, miaka miwili baada ya mtoto wa kwanza wa njia hii kuzaliwa Uingereza, ikahalalisha tiba hiyo baina ya mume na mkewe. Na Nabii Zakaria, mkongwe mwenye mke tasa, hakulaumiwa kwa kuomba mtoto. Mimba nyingi zinazoharibika mapema huharibika kwa hitilafu ya kromosomu, wala si kwa kazi aliyoifanya mama, wala kwa upungufu wa imani yake. Basi na alie kwanza, kwani subira haikuharamisha machozi, na Mtume mwenyewe alimlilia mwanawe Ibrahimu. Kisha, mwili na moyo vikiwa tayari, atumie projesteroni ya kuutayarisha mji wa mimba, na mumewe, ambaye msiba huu ni wake pia, afuatane naye.