Mungu, Mlima na Mahakama

Mlima Elgon umeua mara nyingi. Tarehe 1 Machi 2010 udongo ulishuka juu ya kijiji cha Nametsi wilayani Bududa ukafukia mamia ya watu. Oktoba 2018 mto Suume uliteremka na mawe na magogo, na huko Bukalasi wakafa zaidi ya watu 40. Usiku wa kuamkia tarehe 31 Julai 2022 zamu ikawa ya mji wa Mbale wenyewe: mito ya Nabuyonga na Namatala ilivunja kingo zake, na zaidi ya watu 20 wakapoteza maisha. Novemba 2024 ikafuata wilaya ya Bulambuli. Kila mara, kwenye matanga, wafiwa huambiwa kwamba kazi ya Mungu haina makosa. Wanaosema hivyo wanasema kwa imani, na sina nia ya kuwanyang'anya. Ninachouliza ni kama imani hiyo inatuzuia kuuliza nani alipaswa kufanya nini, na lini. Naamini haituzuii. Naamini pia kwamba hapo ndipo ufundishaji wa sheria ya tabianchi katika mashariki ya Uganda unapopaswa kuanzia, na kwamba ukianzia hapo hauwezi tena kuishia ndani ya ukumbi wa mihadhara.

Mbale ni mji wa dini. Chuo Kikuu cha Kiislamu nchini Uganda kilifunguliwa hapo mwaka 1988. Chuo Kikuu cha Kikristo cha Uganda, ambacho ni cha Kanisa la Anglikana, kina tawi lake hapo. Kilima cha Nabugoye ni makao ya Abayudaya, jamii ya Kiyahudi iliyoanzishwa na Semei Kakungulu mwaka 1919. Ukizisoma dini hizi tatu kwa makini, hakuna hata moja inayoifanya kadari kuwa kinga ya mzembe. Waislamu wanakijua kisa cha Khalifa Umar, aliyefika njiani kuelekea Shamu akaambiwa kuna tauni, akaamua kugeuza msafara. Abu Ubaida akamuuliza kama anaikimbia kadari ya Mungu, na Umar akamjibu kuwa anaikimbia kadari ya Mungu kwenda kwenye kadari ya Mungu. Wakristo wana mnara wa Siloamu ulioua watu kumi na wanane: Yesu alikataa katakata kwamba waliokufa walikuwa waovu kuliko wenzao wa Yerusalemu. Na Torati, katika Kumbukumbu la Torati mlango wa 22, inamwamuru anayejenga nyumba mpya azungushie dari lake ukuta, maana mtu akianguka kutoka juu, damu yake itakuwa juu ya nyumba hiyo. Aliyeanguka ameitwa na Mola wake, na mwenye nyumba bado ana hatia, kwa kuwa alijua kwamba watu hupanda darini.

Sheria ya madhara ambayo Uganda iliirithi kutoka Uingereza inafikiri hivyo hivyo. Ndani yake mna utetezi unaoitwa kwa jina la Mungu: mshtakiwa anaruhusiwa kudai kwamba hasara ililetwa na nguvu za asili ambazo hakuna mwanadamu mwenye busara angezitarajia wala kuzizuia. Mwaka 1876, katika kesi ya Nichols dhidi ya Marsland, mwenye shamba ambaye mabwawa yake ya kutengenezwa yalipasuka kwa mvua ya ajabu alisamehewa kwa utetezi huo. Lakini mwaka 1917 Baraza la Malodi, lililokuwa mahakama ya juu ya Uingereza, lilikuwa na mbele yake kesi ya Greenock, mji wa Scotland ambao halmashauri yake ilikuwa imejenga kidimbwi cha watoto kuchezea maji na kubadili njia ya kijito. Mvua kubwa mno ikanyesha, maji yakaacha mkondo yakaharibu mali ya kampuni ya reli. Halmashauri ikamtaja Mungu, na majaji wakakataa. Anayeziba njia ya asili ya maji, walisema kwa maana hiyo, ndiye anayebeba hatari ya mvua, hata mvua ambayo haijawahi kuonekana. Kesi hizi mbili zinatosha kufundishia muhula mzima mjini Mbale. Huko kanuni za mwaka 2000 za ardhi oevu, kingo za mito na pwani za maziwa zinataka mita 30 ziachwe kando ya mito midogo na mita 100 kando ya mito mikubwa iliyoorodheshwa, lakini watu wamejenga na kulima hadi ukingoni kabisa.

Kwa hiyo swali la kisheria na swali la kidini yanakutana mahali pamoja, kwenye kujua. Mlima huu hauporomoki bila dalili. Udongo wake wa mfinyanzi hunywa maji wiki kadhaa, kisha nyufa huanza kuonekana juu ya migomba na mibuni, mara nyingine upana wa kiganja, na chemchemi hutokeza mahali ambapo hazikuwapo. Wakulima wanaziona. Serikali nayo inajua tangu Nametsi, kwani ni yenyewe iliyoanzisha makazi mapya ya watu wa mlimani kule Bunambutye. Katiba ya 1995, ibara ya 237, inasema maziwa, mito, ardhi oevu na misitu ya hifadhi inashikwa na serikali kwa dhamana ya wananchi. Ibara ya 39 inampa kila mtu haki ya mazingira safi na salama. Oktoba 2020 wakazi wa Bududa walifungua kesi katika Mahakama Kuu ya Mbale wakisema kwamba kutowahamisha na kutowapa mfumo wa kuwaonya mapema kumevunja haki zao. Miezi michache baadaye, mwaka 2021, Sheria ya Taifa ya Mabadiliko ya Tabianchi ikapitishwa. Kifungu chake cha 26 kinamruhusu mtu yeyote kwenda Mahakama Kuu dhidi ya serikali, mtu binafsi au kampuni ambayo kitendo chake, au kutotenda kwake, kunatishia juhudi za kukabiliana na mabadiliko hayo. Nguvu yote ya kifungu hiki imo katika maneno “mtu yeyote”. Haki aliyopewa mtu yeyote, ikijulikana na wanafunzi wa shahada peke yao, bado haijamfikia mwenyewe.

Jinja inaonyesha kwa namna nyingine jinsi kazi ya Mungu na uamuzi wa watu vinavyochanganyika. Mei 2020 Ziwa Victoria lilifika mita 13.42 kwenye kipimo cha Jinja, likapita rekodi ya 1964 ya mita 13.41, na mialo na nyumba za pwani zikafunikwa. Mvua ilikuwa ya Mungu, hilo sibishi. Lakini tangu bwawa la Owen Falls, ambalo leo ni Nalubaale, lifunguliwe mwaka 1954, ziwa hili lina mlango, na mlango una watu wanaoufungua na kuufunga. Makubaliano ya wakati ule na Misri yalitaka maji yanayoachiliwa yalingane na yale ambayo mto ungeyatoa wenyewe bila bwawa. Katikati ya miaka ya 2000, kituo cha pili cha Kiira kikiwa tayari kinafanya kazi, ziwa lilishuka sana. Ukame ulichangia, na sehemu kubwa ya upungufu ikatokana na maji kuachiliwa kupita kiwango hicho ili umeme upatikane. Mvuvi aliyeona boti yake imekaa kwenye tope alikuwa na haki ya kujua ni kiasi gani cha tope hilo kililetwa na mbingu na kiasi gani na uamuzi wa ofisini.

Wapo watakaosema kwamba kuwaletea waliofiwa habari za mahakama ni kuwaongezea uchungu. Nawaelewa. Imani inayomwezesha mama kuamka siku inayofuata baada ya kuzika watoto si kitu cha kuchezewa, na wakili anayekwenda msibani na karatasi za kesi amekosa adabu. Ila aliyefarijiwa hapotezi haki ya kudai, kama vile Ayubu alivyokaa majivuni bila kumwacha Mungu na bila kunyamaza. Wengine, na hawa wana hoja nzito zaidi, watasema mkosaji hayuko Mbale wala Kampala. Afrika nzima inachangia chini ya asilimia 5 ya hewa ukaa ya dunia, basi kwa nini tuanze kushtakiana sisi kwa sisi? Ni kweli, na mwanafunzi asiyefundishwa hilo amefundishwa nusu. Mei 2025 mahakama ya Hamm nchini Ujerumani iliitupa kesi ya mkulima wa Peru dhidi ya kampuni ya RWE, lakini ikakubali kwamba kimsingi mchafuzi mkubwa anaweza kuwajibishwa kwa madhara yaliyo mbali naye. Julai mwaka huo huo Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilitoa maoni kwamba mataifa yana wajibu wa kisheria kuulinda mfumo wa tabianchi. Njia hizo zifuatwe kwa bidii. Hata hivyo king'ora cha kuonya watu wa Bukalasi hakitawekwa na Ujerumani, na deni la wa mbali halimsamehe wa karibu aliyeapa kulinda.

Kinachonisumbua zaidi ni kwamba sheria inayosema “ulijua” inaweza kumgeukia maskini. Aliyelima mteremko alijua. Aliyejenga kando ya Nabuyonga alijua. Waliohamishiwa Bunambutye kisha wakarudi mlimani walijua. Tukifundisha hivyo tutakuwa tumewageuza waliofiwa kuwa washtakiwa, kosa lile lile ambalo Yesu alilikataa pale Siloamu. Jibu langu ni kwamba wajibu hupimwa kwa uwezo pamoja na kujua. Familia yenye nusu ekari ya kahawa, iliyobanwa juu na mpaka wa Hifadhi ya Taifa ya Mlima Elgon ya mwaka 1993 na chini na wingi wa watu, inajua hatari lakini haina pa kwenda. Mwenye uwezo wa kugawa ardhi, kupima mvua na kupiga king'ora ndiye anayeulizwa kwanza.

Na ushindi wa mahakamani wenyewe? Mwaka 2005 Mahakama Kuu iliamua, kwa ombi la shirika la ACODE, kwamba serikali ilivunja dhamana ya umma ilipouruhusu msitu wa hifadhi wa Butamira, wilayani Jinja, utumike kwa mashamba ya miwa ya kampuni ya sukari ya Kakira. Hukumu ilikuwa nzuri, lakini miwa ilikuwa imeshapandwa. Ndiyo maana siamini kwamba kazi ya mhadhiri inaisha anapozalisha mawakili wazuri. Hukumu huja baada ya msitu kukatwa, ilhali mwenyekiti wa baraza la kijiji (LC), imamu, mchungaji na kiongozi wa kikundi cha wanawake wapo siku alama za mipaka zinapong'olewa. Sheria ya 2021 iliandikwa kwa Kiingereza. Ielezwe kwa Lumasaba, Lusoga na Kiswahili, sokoni na kwenye hotuba za Ijumaa na Jumapili, pamoja na namna ya kuandika barua ya malalamiko, inapelekwa ofisi gani, na nakala ibaki kwa nani. Kazi hiyo wapewe wanafunzi wa mwaka wa tatu na wa nne, na waipatie alama kama wanavyozipata kwa insha zao.