Shahidi asidhuriwe



Ndugu Waislamu, katika Suratul Baqara aya ya 282, aya ndefu kuliko zote katika Qur'an, Mwenyezi Mungu anazungumzia deni, mwandishi na mashahidi. Anawataka mashahidi wasikatae wanapoitwa. Darasani wengi wetu huishia hapo. Lakini aya hiyo hiyo, kabla haijafika mwisho, inakataza mwandishi na shahidi kutiwa madhara. Wafasiri wa mwanzo wameeleza kuwa miongoni mwa madhara hayo ni kumwita shahidi akiwa katika shughuli yake, ukamshurutisha na kumtaabisha.

Wapo wanavyuoni wa zama hizi, akiwemo Sheikh Yusuf al-Qaradawi, walioifananisha kura na ushahidi. Naiafiki kauli hiyo, japo najua wapo ndugu zetu wasioiafiki. Basi ikiwa kura ni ushahidi, anayepanga mahali pa kupigia kura ndiye anayemwita shahidi, naye ataulizwa amemwita vipi.

Mimi nafundisha Kibaha na kwetu ni Kisarawe. Kibaha mjini, kando ya barabara kuu ya Morogoro, tatizo ni wingi wa watu, na dawa yake inajulikana: Tume huweka kikomo cha majina kwa kila kituo, yakizidi kituo kinagawanywa. Ndiyo maana shule moja ya msingi siku ya uchaguzi ina milango minne au mitano, kila mmoja na orodha yake ukutani. (Herufi M kwetu Pwani inaweza kujaza mlango peke yake, akina Mwajuma na Mwanahamisi hawaishi.)

Lakini toka Kisarawe mjini, pita Maneromango, ingia ndani kuelekea Vikumburu au Mafizi. Huko watu ni wachache na wametawanyika. Kitongoji cha watu wazima sitini hakijazi kituo, kwa hiyo hupelekwa kupigia kitongoji cha wenzao. Kanuni inahesabu vichwa. Hatua za miguu haizihesabu.

Bibi yangu mzaa mama alikwenda mara moja kwa fimbo yake, akapumzika njiani chini ya miembe miwili, akafika jua limeshasimama. Uchaguzi uliofuata nilimhimiza, tena kwa ukali wa kijana aliyetoka chuo. Akanijibu: "Mjukuu wangu, wakinisogezea nitakwenda." Amefariki bila kupiga tena. Nilimhesabu miongoni mwa waliokataa kutoa ushahidi. Nilikosea.

Katika uchaguzi wa 2025 Tume ilitangaza vituo 99,911 kwa wapiga kura 37,655,559. Ukigawanya, ni wastani wa watu 377 kwa kituo. Ni wastani mzuri, lakini hauoni mabonde. (Yaliyotokea Oktoba 29 ile na siku zilizofuata, na roho za watu zilizopotea, ni mazito yanayotaka makala yake. Sikuyapita kwa kuyadharau.)

Wazee wanakumbuka Dar es Salaam 1995: vifaa vilichelewa, vituo vingine havikufunguliwa kwa wakati, uchaguzi ukafutwa katika majimbo yote saba na kurudiwa Novemba 19. Mji mkubwa ukidhurika, taifa zima linasikia. Bibi mmoja wa kitongojini akirudi nyumbani kwa kuchoka, hakuna kinachorudiwa. Huhesabiwa kuwa hakujitokeza, na redioni tutaambiwa wananchi wamekosa mwamko.

Imepokewa kuwa Sayyidna Umar (R.A.), akiwa Madina, aliogopa kuulizwa na Mola wake juu ya mnyama atakayejikwaa huko Iraq, kwa nini hakumsawazishia njia. Huyo ni mnyama, na ni mwendo wa siku nyingi kutoka kwenye kiti cha Khalifa.

Nasi maimamu na walimu tuna sehemu yetu. Tunapiga kelele siku ya kupiga kura, wakati vituo vimeshapangwa zamani. Kila msikiti wa kijiji una watu wanaojua njia zote. Wakae baada ya Ijumaa, waandike umbali wa kila kitongoji, waupeleke kwa msimamizi wa uchaguzi mapema, wakiwa pamoja na majirani zao Wakristo, maana njia ni moja.

Nimeanza na kitongoji cha bibi. Kwa mita ya pikipiki ni kilomita saba na nusu mpaka kituoni, na katikati kuna mto usio na daraja. Mwishoni mwa Oktoba mvua za vuli zinaweza kuwa zimeshaanza.