Mizani Moja kwa Kitabu Chetu na cha Jirani

Masomo: Mithali 11:1, Yohana 20:24–29

Wapendwa, kitabu cha Mithali kinatuonya kwamba mfanyabiashara anayepunja kwenye mizani hamkosei mteja peke yake, anamkosea Mungu. Wiki hii naomba tuipeleke mizani hiyo mahali ambapo hatujazoea kuitumia: kwenye mabishano ya dini.

Nairobi, Lubumbashi na miji mingine ya kwetu, watu wamezoea kuwaona vijana wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, wawili wawili, shati jeupe na tai, wakibisha hodi na Kitabu cha Mormoni mkononi. Wakishaaga, mabishano huanza. Mmoja husema kitabu kile hakina hata jiwe moja la kukithibitisha. Mwingine husema anayeomba kwa moyo safi hahitaji jiwe. Ni wachache wanaouliza ardhini kumepatikana nini hasa.

Kitabu hicho kilichapwa mwaka 1830 huko Palmyra, jimbo la New York. Joseph Smith, mwanzilishi wa kanisa hilo, alisema alikitafsiri kutoka kwenye mabamba ya dhahabu yaliyofukiwa kilimani karibu na kwao. Kinasimulia familia ya Lehi iliyotoka Yerusalemu yapata mwaka 600 kabla ya Kristo, ikapita Arabia, ikaunda merikebu na kuvuka bahari hadi Amerika. Huko wazao wake walijenga miji na kupigana vita vikubwa, na Kristo mfufuka akawatembelea. Haya ni madai ya kihistoria, na watu wengi namna hiyo huacha alama walikoishi.

Alama hizo zimetafutwa. Kitabu kinataja farasi, magari ya kukokotwa, ngano na panga za chuma cha pua. Lakini farasi walitoweka Amerika takriban miaka 10,000 iliyopita, wakarudi na Wahispania. Hakuna mji hata mmoja ambao wanaakiolojia kwa jumla wameutambua kuwa wa watu wa Lehi. Vinasaba navyo vinaonyesha kwamba asili ya wenyeji wa Amerika ni Asia. Mwaka 2006 kanisa lenyewe lilirekebisha utangulizi wa kitabu: watu wa Lehi, waliokuwa wakitajwa kuwa wahenga wakuu wa wenyeji hao, sasa wanatajwa kuwa miongoni mwa wahenga wao.

Tuweke na kilicho upande wa pili. Huko Marib, nchini Yemen, wachimbaji wa Kijerumani walifukua katika hekalu la Bar'an madhabahu ya mawe yenye maandishi ya kale ya Arabia Kusini. Aliyeitoa wakfu anatajwa kwa kabila lake, na jina la kabila limechongwa kwa herufi tatu, N, H na M, maana maandishi yale hayakuandika irabu. Umri wake unakadiriwa kuwa karne ya 7 au ya 6 kabla ya Kristo, yaani karibu na wakati wa Lehi. Kitabu cha Mormoni kinasema msafara ulimzika mzee Ishmaeli mahali paitwapo Nahomu. Waumini wanaona hapo ushahidi wa kweli, na wengine wao wanafuata njia hiyo hadi pwani ya Dhofar, Oman, wakisema ndiko merikebu ilikoundwa. Wakosoaji wanajibu kwamba jina la kabila hilo lilikuwa limeshachorwa kwenye ramani za Ulaya za karne ya 18, na kwamba jiwe la Yemen halituambii lolote kuhusu Amerika. Jibu hilo lina uzito. Lakini anayesema hakuna hata jiwe moja la kujadiliwa, huyo amepunja.

Yupo mtu ambaye maisha yake yananigusa kuliko hoja hizi zote. Thomas Stuart Ferguson, mwanasheria wa California na muumini motomoto, alianzisha mwaka 1952 taasisi ya kuchimba Mexico na Amerika ya Kati, akiwa na hakika kwamba koleo litakithibitisha kitabu chake. Kanisa likatoa fedha. Wanaakiolojia wakachimba Chiapas mwaka baada ya mwaka, wakaandika walichokiona bila kukilazimisha kiseme wasichokiona, na leo ripoti zao zinaheshimiwa hata na wasomi wasio wa kanisa hilo. Ferguson alingoja. Mwaka 1975 akaandika kwamba mimea, wanyama, metali na maandishi yanayotajwa kitabuni havijapatikana mahali alipotarajia. Barua zake za miaka ya mwisho zinaonyesha mtu aliyeumia sana. Alikuwa ameiegemeza imani yake yote kwenye kile kitakachofukuliwa kesho.

Kabla hatujamhukumu, tukumbuke kwamba mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Mwanaakiolojia Kathleen Kenyon alichimba Yeriko kuanzia mwaka 1952 hadi 1958, akahitimisha kwamba mji ule ulikuwa umeshaangamia muda mrefu kabla ya wakati ambao wasomi wengi humweka Yoshua. Mjadala ungalipo. Je, vijana wetu wa kipaimara tumewaambia? Jiwe lenye jina la Pilato lililopatikana Kaisaria mwaka 1961 tunalitangaza mimbarini. Maandishi ya Tel Dan yaliyopatikana mwaka 1993, yanayotaja nyumba ya Daudi, tunayashangilia. Yeriko tunainyamazia.

Sisemi kwamba vitabu hivi viwili vinalingana mbele ya akiolojia. Yerusalemu, Ninawi na Babeli zinajulikana zilipo, na tofauti hiyo ni kubwa. Mizani ya haki haivifanyi vitu kuwa na uzito sawa. Inavipima vyote kwa jiwe lilelile.

Tomaso aliomba kuona, na Bwana hakumfukuza. Alimwonyesha majeraha yake. Kisha akawabariki watakaoamini bila kuona. Baraka hiyo haikutupa ruhusa ya kuficha kinachoonekana. Tunamwamini Kristo kwa sababu ametuita na tumemjua. Imani hiyo haihitaji tumpunje mtu yeyote ili isimame.

Basi wiki hii, vijana wale wakibisha hodi, wakaribishe. Waulize kuhusu Marib, waulize kuhusu farasi, na wakikuuliza kuhusu Yeriko wajibu kwa ukweli uleule unaoudai kwao.

Tuombe: Ee Mungu wa kweli, tuondolee hofu inayotufanya tufiche. Tupe ujasiri wa kuuliza, heshima kwa jirani anayeamini tofauti nasi, na imani inayokutegemea wewe mwenyewe. Kwa jina la Yesu Kristo. Amina.