Jiwe Lisilo na Kichwa

Je, uongo unaowapendeza wote ni uongo kweli? Ulizo hili tulitazame katika jambo dogo: kuokota mawe kijitoni.

Kaskazini mwa Uingereza, kando ya bahari, uko mji wa Whitby. Vijito vya upande ule hukata miamba myeusi, na vijana huingia majini pamoja na rafiki zao, wakiinama kama watu watafutao kaa. Wakiona jiwe la mviringo hulipasua kwa nyundo. Na pengine ndani yake mna umbo lililojikunja kama nyoka aliyelala. Huyo ni amoniti, mnyama wa bahari wa kale, jamaa ya pweza, ila alikaa ndani ya gamba kama konokono. Aliishi yapata miaka milioni 180 iliyopita. Mwili ukaoza, gamba likawa jiwe.

Wazee hawakujua hayo. Walisema kwamba Mtakatifu Hilda, aliyeanzisha monasteri pale mwaka 657, aliwageuza nyoka kuwa mawe. Tusiwacheke. Waliona ajabu, wakaieleza kwa kadiri ya akili zao. Aliyekosea si mwongo. Mwongo ni yule ajuaye kweli, akaigeuza.

Lakini nyoka hao hawakuwa na vichwa! Basi, katika karne ya 19, mafundi walichonga vichwa vya nyoka juu ya amoniti, wakawauzia wageni. Fundi aweza kujitetea: mnunuzi amefurahi, Mtakatifu ameheshimiwa, watoto wangu wamekula, nani ameibiwa?

Aliyejua kwamba kichwa ni kazi ya mkono hakuibiwa. Kinyago ni kinyago. Ameibiwa yule aliyeaminishwa kwamba jiwe lilitoka mtoni hivyo. Tena ameibiwa mtoto atakayeokota kesho amoniti mzima, asione kichwa, akamtupa akidhani amevunjika. Uongo umemfundisha kudharau kitu kilicho kamili. Na Hilda je? Wafalme walitafuta shauri lake. Sifa hiyo ni ya kweli. Mtu akigundua hila ya jiwe, ataanza kuishuku hata sifa hiyo.

Sasa tuwatazame rafiki, kwa maana kwao shida ni kubwa zaidi. Tuseme walikuwa pamoja na fundi kijitoni, wakaliona jiwe bila kichwa. Leo sokoni lina macho na kinywa. Kumwaibisha mbele ya watu hakufai kuwa hatua ya kwanza. Wamwendee faraghani, kama ndugu. Asiposikia, na mnunuzi akawauliza, wasitafune maneno: Amri ya nane haiwaruhusu kuuthibitisha uongo kwa vinywa vyao.

Na mnunuzi asipouliza? Hapo watu hubishana. Kama ni tajiri anayenunua kwa mchezo, naona kunyamaza kwaweza kuvumiliwa kwa siku moja, hata fundi aonywe tena. Lakini kama ni maskini anayefungua kitambaa chake na kuhesabu fedha za mwisho, rafiki na aseme mara, ijapokuwa jioni fundi atakataa kula naye.