Mbwa Mwenye Elimu



Huku kwetu Sibwesa, Mkoani Katavi, mbwa si pambo la nyumba. Mkulima humfuga amlindie mahindi, mfugaji humfuga amlindie ng'ombe. Kwa kazi hizo, na kwa kuwinda, Mtume (s.a.w.) ameruhusu mbwa afugwe. Nasi tulio katika madhehebu ya Imamu Shafii twajua kuwa mate yake ni najisi, na chombo alichoramba huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Lakini wapo wanaodhani kwamba kwa ajili ya najisi hiyo mbwa ni halali ya kila fimbo na kila jiwe. Sivyo. Hukumu ile ni ya kuosha chombo, si ruhusa ya kumtesa mnyama.

Tazama Suratul Maida, aya ya 4. Mwenyezi Mungu ametuhalalishia windo la wanyama tuliowafunza, akatukumbusha kuwa hata ujuzi huo wa kuwafunza umetoka Kwake. Windo likiuawa na mbwa asiyefunzwa ni mzoga. Likiuawa na aliyefunzwa, akatumwa kwa jina la Mungu, ni halali. Meno ni yale yale. Kilichowatenga ni elimu. Mafakihi wametaja alama zake: akitumwa aende, akizuiwa asimame, akikamata asile, na hayo yakariri mpaka ijulikane si bahati.

Sasa jiulize: fimbo itamfanyaje mbwa mwenye njaa aiache nyama iliyo kinywani mwake, na bwana wake yuko mbali nyuma ya kichaka? Fimbo haifiki huko. Kinachofika ni mazoea na matumaini, kwamba akiacha hiki atapewa chake. Na mbwa aliyekosa, akaitwa, akaja, kisha akapigwa, amejifunza nini? Amejifunza kuwa kosa ni kuja.

Mfano uko Morogoro. Tangu mwaka 2000 shirika la APOPO, pamoja na Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, hufunza panya buku kunusa mabomu yaliyofukiwa ardhini, na baadaye kifua kikuu pia. Panya akipatia husikia mlio mdogo, kisha hupewa chakula, kama vile ndizi. Akikosea hapigwi, hukosa ndizi tu. Panya hao walifanya kazi Msumbiji, nchi iliyotangazwa mwaka 2015 kuwa imesafishwa mabomu hayo.

Upole si ulegevu. Mbwa akimrukia mtoto, mkemee papo hapo, kwa neno lile lile kila siku, umwondoe. Akitii, msifu umpe kipande chake. Adhabu ya jioni kwa kosa la asubuhi haimfunzi kitu. Hiyo ni hasira ya bwana inayotafuta pa kutua.

Basi anayemfunza mnyama huanza kuifunza nafsi yake. Mtume (s.a.w.) ametupa habari za mtu aliyesamehewa kwa kumnywesha mbwa mwenye kiu, na za mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfungia paka mpaka akafa. Nasi walimu wa vyuoni, tushikao bakora mbele ya watoto, tulipime hili: ikiwa mbwa asiyeandikiwa dhambi hufunzika kwa upole, mwana wa Adamu anastahili upole huo zaidi.

Wabillahi tawfiq.